Jani Lililofungwa Fundo

Tarehe 22 Desemba, Sekei. Asubuhi manyunyu, mchana jua kidogo, na mlima haukuonekana kutwa nzima.

Leo nimemgombeza mjukuu wangu Neema bila haki. Nilimtuma mwenyewe apunguze isale, ile mimea ya majani marefu ya ua wetu, akazipunguza vizuri, kisha akazichoma pamoja na takataka. Isale mbichi haiwaki upesi. Inafuka moshi mzito, wenye harufu kama ya mboga iliyosahauliwa motoni. Harufu ile iliponifikia jikoni nilitoka na mwiko mkononi, nikasema maneno ambayo mtoto wa miaka minane hakustahili kuyasikia. Sasa amejifungia chumbani, nami nimekaa na daftari. Nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kama ninavyozungumza.

Nilikuwa na umri kama wake, enzi za Mwingereza, kwetu juu ya Kikatiti, katikati ya migomba na kahawa. Mwaka wenyewe siutaji, nisije nikawadanganya. Sisi tuliuita tu mwaka wa ndui. Bwana afya alipita nyumba kwa nyumba akitukwaruza mikono kwa sindano, na kovu ninalo mpaka leo. Soko likafungwa, kanisa likafungwa, kila nyumba ikaamriwa ibaki ndani ya mipaka yake. Chochote kitakachotoka kwa watu wengine, alisema, kisiguswe kwa mkono, kichomwe. Watu walimnung'unikia sana, lakini bila amri yake nadhani tungezikana wengi zaidi.

Mama alinipa kazi ya kulinda njia ya kuingilia kwetu. Nilijiona askari kamili. Nilifukuza mbwa wa jirani, na hata kuku wetu wenyewe waliovuka mpaka niliwakatalia kurudi, mpaka Mama akaja kuwaombea ruhusa.

Sasa niwaambie habari ya Baba na baba mkubwa Anaeli, kaka yake. Mashamba yao yalipakana, katikati mfereji na mstari wa isale. Kiangazi kile baba mkubwa aliyageuzia maji kwake siku ambayo zamu ilikuwa yetu, na kahawa changa ya Baba ikakauka. Hilo lilikuwa kosa lake. Lakini Baba naye, mbele ya wazee, alimwita kaka yake mwizi, neno ambalo mdogo hamwambii mkubwa. Tangu hapo hawakusemezana. Baba alisema atangoja aliyeanza aanze pia kuomba radhi.

Mkesha wa Krismasi asubuhi Baba alichinja mbuzi. Kila mwaka mguu wa nyuma ulikuwa wa baba mkubwa. Safari hii Mama aliuliza aupike au vipi. Baba aliuchukua mwenyewe, akautundika juu ya moshi wa jikoni, akaenda zake kwenye kahawa.

Saa nne hivi nilikuta kitu kwenye jiwe la mlangoni: jani moja refu la isale, limefungwa fundo katikati. Kwangu isale ilikuwa mmea wa mpakani, basi. Nilipoinua macho nilimwona baba mkubwa ng'ambo ya mfereji. Alikuwa mzima, na alikuwa amevaa koti lake la kanisani, nikashangaa, maana kanisa limefungwa. Jani limetoka kwake, nikawaza, na sheria naijua. Nilitafuta vijiti viwili, nikalibana kama Mama anavyobana kaa la moto, nikalipeleka kwenye moto wa majani makavu ya migomba. Lilifuka muda mrefu. Yeye alisimama akiutazama moshi ule. Nikamwamkia kwa sauti, kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo baba mkubwa."

Hakuitika. Aligeuka, akaondoka polepole, amekunja mikono nyuma. Nilidhani maji ya mfereji yamemzuia asinisikie. Sikumwambia mtu, maana askari hasimulii kila kuku aliyemfukuza.

Jioni ile kengele ilipigwa, na kila nyumba ikaimba uani kwake. Hatukuanza pamoja. Wa chini walikuwa wanamaliza, sisi tuko ubeti wa pili, wa juu ndiyo kwanza wanaanza, na nyimbo zikachanganyikana juu ya migomba. Baba aliimba ameelekea mfereji. Upande wa baba mkubwa palikuwa kimya.

Mguu ulikaa juu ya moshi mpaka ukawa mweusi. Mwaka mpya ulipoingia, ndui iliingia kwa baba mkubwa. Walimzika watu waliokwisha kuugua na kupona. Sisi tulisimama kwetu, nyuma ya isale. Baba alisema mara moja tu, "Hakunitumia hata jani." Nilimsikia. Nilifikiri ni namna ya kusema.

Nilielewa nilipokuwa mchumba. Ndugu za mume wangu walikosea jambo mbele ya wazee wetu, kesho yake wakaleta isale yenye fundo. Shangazi akanieleza kwamba huo ndio msamaha wetu, na jani kama hilo halikataliwi, hata ungekuwa umeumizwa namna gani. Nikakaa chini, nikajifunika uso kwa kanga. Wakadhani ni haya za bibi harusi.

Niliishi na siri hiyo miaka mingi kabla ya kumweleza Baba. Mpaka leo sijui kama nilimwambia kwa ajili yake au ili nipunguze mzigo wangu. Alikuwa mzee, anaota jua.

"Lilikuwa na fundo?" akauliza.

"Moja, Baba."

"Na alikuona ukilichoma?"

Ningeweza kusema hapana. Nilisema, "Aliniona."

Alitazama upande wa mfereji. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunangojana." Akaomba fimbo yake, akaenda mpakani, na hakutaka nimshike mkono.

Watu wananiambia nilikuwa mtoto. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba baba mkubwa alikufa akijua amekataliwa, na mikono iliyomkataa ni hii inayoandika.

Sasa ni usiku, namalizia: magharibi nilitoka uani, nikakata jani katika isale zilizobaki, nikalifunga fundo, nikaliweka kando ya sahani ya Neema. Alilitazama, akaniuliza, "Bibi, hii nayo ni mboga?" Nikamweleza, yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Tulikula ndizi kwa maharage na maziwa mgando, na zilikuwa zimepoa.