Rodi za Mlango wa Chuma

Mke wangu alikataa kurudi kwetu Koboko mpaka nyumba iwe na mlango wa chuma. Ule wa mbao wanajeshi waliuvunja kwa teke moja wakati wa vita, sisi tukiwa ndani, na kesho yake tukavuka mpaka kuingia Sudan. Miaka ikapita kambini. Watu walipoanza kurudi nilitangulia mimi, yeye akabaki kulekule kwa dada yake. Wakati wa kuagana hakulia. Alisema tu, "Mimi narudi siku nyumba iko na mlango ya chuma. Ya mbao hapana."

Sikuwa na cha kununulia mlango. Nikaenda Arua kwa fundi mmoja mzee, aliyejifunza kuchomelea jeshini, tukaelewana: mimi nimfagilie karakana na kumwashia jenereta, yeye anifundishe kazi na kuniachia mabati na vyuma chakavu. Nililala humohumo karakanani. Jioni nilipika ugali wa muhogo wa mtu mmoja, na hakuna kazi ya kipumbavu kama hiyo. Kila siku nilizidisha unga, kila siku nikala kiporo asubuhi peke yangu.

Nilianza vibaya. Kwenye rafu kulikuwa na rodi, vile vijiti vya kuchomelea, nene za geji kumi na nyembamba za geji kumi na mbili, nami nikachukua nene, maana nilitaka mlango wenye nguvu. Bati likatoboka matundu ambayo panya angepita bila kuinama. Fundi akanieleza kwamba chuma chembamba kinataka rodi nyembamba na moto mdogo. Rodi uikwaruze kama njiti ya kiberiti, kisha uinyanyue kidogo tu, kiasi cha unene wake. Ukiibana inaganda, ukiiachia mbali moto unatapika. Ukipatia, utasikia mlio kama wa mafuta yanayokaanga.

Nilipenda kazi ile kwa sababu moja. Nyuma ya kile kioo cheusi cha kukinga macho huoni mtu wala ukuta, unaona kamoto kako tu, na upweke wangu kwa muda ule ulikuwa na shughuli ya kufanya.

Jambo lililonisumbua ni lile ganda la unga mkavu linaloifunika rodi. Lilikuwa likibanduka kila rodi ilipoanguka, na nilizionea uchungu. Basi nikafanya kama tulivyofanya kijijini Lurujo nilikokulia na majani ya tumbaku, ambayo yakikauka sana huvunjika mkononi. Nilizifunga rodi zangu katika gunia lenye unyevu, nikaliweka pembeni chini, nikajiona mwerevu kuliko karakana nzima.

Mlango ukaisha. Nilichomelea bawaba mwenyewe, nikaupaka rangi, nikaupandisha juu ya lori la wafanyabiashara mpaka Koboko. Nikaupachika. Kisha nikaupiga teke, kama walivyopiga wale. Bawaba zote zikang'oka, mlango ukalala sebuleni.

Nilirudi Arua na bawaba moja mfukoni. Fundi akaitazama pale ilipovunjika, ndani kuna vitundu kama mkate, akauliza rodi nilizitunza wapi. Nilipomwonyesha gunia alikaa kwanza chini.

"Ndugu yangu," akasema, "hii si tumbaku. Rodi iko na maji, chuma inakula hewa. Weka karibu na moto."

Nikazikausha rodi kwenye mkebe kando ya sigiri, kwa moto wa taratibu, mpaka hata jenereta likachoka kuningojea. Safari hii nilichomelea bawaba bila haraka, nikagonga taka iliyogandia juu, nikapiga brashi, nikatazama kila mshono. Ulikuwa laini. Koboko niliupiga teke mlango mpaka nikachechemea, nao haukutikisika. Nikamtumia mke wangu habari kupitia wafanyabiashara waendao Sudan.

Akaja. Alishika bawaba kwa vidole, akapitisha kiganja juu ya mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifurahi kama mjinga. Kisha akaingia ndani, akafunga, akasukuma komeo, akaniambia nipige.

Nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikitaka aone kazi yangu. Bati likanguruma nyumba nzima. Nikapiga tena. Mlango ulisimama kama ukuta.

Alikawia kufungua. Alipofungua alikuwa na jasho usoni, na mikono yake miwili ilikuwa imeshika kanga kifuani. Nilimuuliza kama ameona ulivyo imara.

"Mlango iko nguvu," akasema. "Lakini mimi nilisikia ile teke."

Alinipikia jioni ile, tukala, na asubuhi akapanda lori la kurudi mpakani. Sikumlaumu, ila niliumia, na bado naumia. Rodi nilizojifunza kuchagua, kukausha na kuchomelea zilifanya kila zilichoombwa zifanye.

Mlango upo mpaka leo. Bawaba hazijalegea hata moja. Mimi huuacha wazi mchana kutwa, na nikiufunga naufunga polepole kwa mikono miwili, ingawa ndani hakuna mtu wa kushtuka.