Mteremko wa Ulanga

Nilipoingizwa ndani kuwa mwali, mteremko wetu juu ya Mkuyuni ulikuwa malisho ya mbuzi, na kanga walitaga katika nyasi zake. Nilipotolewa kwa ngoma na vigelegele, nikakuta shimo. Mzungu mmoja wa Kijerumani alikuwa amechimba ulanga, yale mawe ya kumetameta, ukashushwa Morogoro kwa vichwa vya wapagazi, naye akaenda zake. Kwetu Uluguru ardhi hufuata mama, na mteremko ule ndio uliokuwa fungu langu.

Nilikasirika sana. Mama hakuwa mtu wa kukubembeleza, alinipa kikapu. Udongo mweusi ulikuwa umetupwa bondeni, tukawa tunaupandisha na kuumwaga juu ya kifusi kilichotuchoma macho kwa kumetameta. Mvua ya kwanza ikaurudisha wote bondeni. Mama mdogo akatuambia tunatwanga maji kinuni.

Mwaka uliofuata mama alibadili njia. Tulichomeka vijiti vya mkuyu kukingama mteremko, ili udongo wa mvua ukwame na kulijaza shimo, tukatandaza samadi nyuma yake, tukang'oa nyasi kando ya mto na kuzipanda bonge kwa bonge. Mbuzi tuliwafunga nyumbani tukawa tunawakatia majani mbali, maana mbuzi akionja chipukizi haachi kitu. Nilizaa wa kwanza, nikazaa wa pili, bado nasomba samadi. Mgongo uliniuma na nilimchukia yule Mzungu kila siku ya Mungu.

Kisha pakawa kijani. Kanga wakarudi. Asubuhi moja tukamwona paa anakula nyasi pale palipokuwa na shimo, na mama, ambaye sikupata kumwona akilia, akalia.

"Masika yakiisha tutawafungulia mbuzi," akasema.

Masika hayajaisha, akaja bwana misitu, Mjerumani mwingine, na askari wawili na jumbe wetu wa kumtafsiria. Mama alimpokea kwa furaha, akamwonyesha hata mayai ya kanga. Yule Mjerumani akazungukazunguka, akapendezwa. Jumbe akatueleza, macho yake chini, kwamba penye miti na wanyama namna hii ni msitu, na msitu ni mali ya serikali. Mbuzi atakayeingia atachukuliwa, na mwenyewe atachapwa viboko.

Mama alisema hapa palichimbwa na Mzungu mwenzake, na kila mti tumeuchomeka sisi kwa mikono yetu. Jumbe akatafsiri. Bwana misitu akageuka kutazama huku na huku, kisha akauliza jambo, na jumbe akatugeuzia.

"Anauliza, shimo liko wapi?"

Mama alinyanyua mkono aonyeshe. Palikuwa na nyasi tu, na mikuyu. Nikatamani, Mungu anisamehe, lile shimo lirudi, hata dakika moja.

Askari wakapanga mawe ya mpaka. Mbuzi walikuwa wanalia nyumbani, hivyo tukachukua miundu tukaenda kuwakatia majani mbali.