Kura za Wimbo wa Mama

Gundi ya viwanda vya mikoba huku mjini Shiling, Guangzhou, China, inanuka kama bahasha nilizozifunga utotoni, redio ilipowaomba wasikilizaji wachague kwa barua wimbo wa kuiwakilisha nchi mashindanoni ng'ambo. Wimbo wa mama, aliouimba mwenyewe, ulikuwa kati ya nyimbo hizo, naye alikwisha acha kazi kwa ajili ya wimbo huo. Kwa akili zile zile zilizokuja kunipeleka chuo kikuu, niliandika barua ishirini, kila moja kwa jina la uongo.

Mtangazaji akacheka hewani: "Jamani, huyu mama ana watoto ishirini! Kila barua inasema, 'Nampigia kura mama yangu.'"

Zikafutwa. Wimbo ukabaki na kura tatu. Nikaangua kilio.

Mama akazima redio.

"Usilie, mwanangu. Hizo tatu niliziandika mimi."