Siku Hanne Alipoinuliwa Kitini

Kuku wa kijiji chetu, Ndalambo, walikuwa wa kwanza kujua kwamba chuo kikuu kinakuja. Sisi watu tuliambiwa mkutanoni. Wao waliona visu vinanolewa.

Aliyeamuru vinolewe ni shangazi yangu, Marita Simbeye. Ukipita sokoni Tunduma utamjua: mama mfupi, sauti ndefu, anauza nyanya na kumwambia kila mnunuzi kutoka Nakonde, upande wa Zambia, "natotela", yaani asante kwa Kibemba, hata yule aliyeshusha bei mpaka nyanya zenyewe zikaona haya. Ndiye aliyenipokea na diploma yangu ya maendeleo ya jamii, iliyoishia katikati kama barabara ya mkandarasi aliyekimbia. Hakuniuliza kitu. Alinipa ugali, kisha akanipa tenga nibebe.

Kila msimu nyanya za Ndalambo huiva kwa pamoja, na nyingi huozea shambani. Kwa hiyo Dokta Fides, mhadhiri wa chuo kimoja, alipokuja kuandaa programu ya feloshipu, Shangazi alimshika mkono akakataa kuuachia. Mpango ulikuwa hivi: vijana wanane wa chuo, wengine wa hapa nchini, wengine wa ng'ambo, wakae miezi mitatu majumbani mwetu na kujenga pamoja nasi vikaushio vya nyanya. Kwanza angekuja mmoja, wiki moja ya majaribio. Wiki ikienda vizuri, programu ni yetu. Ikienda vibaya, inahamia mkoa mwingine.

Kazi ya kuandaa nyumba akapewa Shangazi. Aliwakusanya akina mama wa kikundi chake, akawaagiza: "Mtunzeni mgeni. Asije akasema tuna mkono wa birika."

Mtihani wetu uliitwa Hanne, msichana mrefu wa ng'ambo mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Alifikia kwa Mama Enesi, jirani yetu. Akishika ufagio, ulinyakuliwa. Akiinamia karai la vyombo, "Ala! Mgeni, kaa!" Akienda shambani, kiti kilimfuata. Sisemi uongo: kilibebwa kichwani, kikawekwa kivulini, naye akakalishwa kututazama tukipigilia misumari kama mgeni rasmi kwenye sherehe. Mchana kuku, jioni kuku.

Siku moja kabla ya wiki kwisha, Dokta Fides akafika. "Hanne, umejifunza nini hapa?"

Hanne alifikiri sana. "Nimejifunza kula kuku."

Tulicheka wote isipokuwa Dokta. "Mama Marita," alisema taratibu, "kwa ukarimu nashukuru, kweli nashukuru. Ila sikuja kutafuta hoteli. Hawa ni vijana wa kufanya kazi na ninyi. Kesho mchana naondoka, na kwa hali hii siwezi kuwaleta wanane."

Nyumbani Shangazi aliinjika sufuria ya ugali. "Ni mimi, Clever," akaniambia. (Ndiyo, nilibatizwa Clever, chuo kilikuwa na maoni tofauti.) "Ni mimi niliyesema atunzwe. Sasa nitawaambiaje wamtume mgeni? Hata mkono wangu mwenyewe unakataa."

"Si kuna ule msemo, siku ya tatu mgeni mpe jembe?"

"Huo ni wa wageni wavivu. Huyu jembe analitaka, sisi ndio tunalificha." Alisonga ugali, mara mwiko ukasimama. "Mgeni hatumwi. Lakini mtoto wa nyumbani?"

Asubuhi alikwenda kwa Mama Enesi na kitenge chake cha kanisani, akina mama nyuma yake. Alikifunga kiunoni mwa Hanne, akatangaza mbele ya wote, Dokta akiwemo: "Kuanzia leo huyu ni Tukuswiga, jina la bibi yetu aliyeolewa kutoka Itumba. Katika ukoo wetu jina la bibi hapewi mpita njia. Huyu ni wetu."

Bibi huyo alikuwa na sifa moja: hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Hanne, kwa mazoea, akarudi kitini. Mama Enesi akamtazama, akakitazama kiti, mdomo ukamtangulia: "We Tukuswiga! Umekaa, nyanya akate nani?"

Hanne aliruka kana kwamba kiti kina siafu. Akapewa kisu.

Nami nikaona nafasi. "Kama ni bibi yangu, basi ni mke wangu. Mke wangu, hujambo?"

"Mke!" Shangazi alinirushia nyanya. "Kamalize diploma kwanza!"

Hanne, alipoeleweshwa, alinipima kutoka juu mpaka chini. "Mume wangu, lete maji." Akina mama walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Shangazi alikwisha kupata moto. "Na wewe, Fides mdogo wangu, ile chanja ya kuanikia haitajibeba." Dokta akavua viatu vyake vizuri, akaibeba. Mchana ukafika, hakuna aliyekumbuka safari. Mwishowe alijifuta mbegu za nyanya mikononi. "Dada Marita, wanane watakuja mwezi wa saba. Kwa sharti moja: kila mmoja apewe jina kabla ya kupewa kiti."

"Natotela, mdogo wangu," alisema Shangazi.

Sasa tumo kwenye maandalizi. Vitanda vipo, vyandarua vipo, majembe yana mipini. Kinachotusumbua ni majina, maana mababu na mabibi wenye sifa ya kazi hawatoshi. Baadhi, Mungu awarehemu, walijulikana kilabuni tu. Jana kikaoni ilibaki nafasi moja. Mama Enesi akanyoosha mkono.

"Mpeni langu. Enesi."

"Lakini wewe uko hai, mama!" nikasema.

"Ndiyo maana. Nataka kumwona Enesi mwingine akikata nyanya, mimi nimekaa kwenye kile kiti."