Fortunata Ahamia Besi

Fortunata, mwenye duka la jumla la vitenge pale Kariakoo, alikuwa mtu wa sala, hilo hakuna anayebisha. Ila sala zake zilikuwa za kumpangia Mungu kazi. Mwenyezi aliambiwa afanye nini, amfanyie nani, na asichelewe. Mumewe Severine, Mrombo mpole asiye na makuu, alizoea kumtania kwamba siku moja Mungu ataomba likizo.

Na sauti alikuwa nayo. Parokiani aliongoza sauti ya kwanza tangu mwanawe Ansbert yuko mgongoni, na akiipandisha, hata waliosinzia kwenye mahubiri waliamka. Kazi yake nyingine, aliyojipa mwenyewe, ilikuwa kugeuka na kuwakata jicho wanaume wa besi kila walipouburuta wimbo. Severine alikuwa mmoja wao.

Basi sauti ikaanza kukwaruza. Akanywa tangawizi, akanywa asali na limau, akamwamuru Mungu. Wapi. Hospitali wakakuta uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Wakautoa, wakamwambia anyamaze kabisa, hata kunong'ona asinong'one, mpaka waseme wao. Kuongea ataongea, daktari alisema, ila kuimba hawezi kumwahidi.

Dukani akabaki kuonyesha kwa vidole, na Hind, jirani yake anayeuza mabaibui, ndiye aliyewaitia wateja na kubishana nao bei kwa niaba yake, huku wateja wake mwenyewe wakimsubiri. Nyumbani Magomeni Fortunata alilia bila sauti, na kilio cha namna hiyo hakimpi mtu nafuu. Alimkasirikia Mungu. Kati ya vyote nilivyonavyo, aliwaza, kwa nini uchukue hicho ninachokuimbia?

Jioni moja jumuiya ikasali kwake. Maombi yakazunguka, kila mtu akitamka nia yake, mpaka zamu ikamfikia mwenye nyumba. Akafungua kinywa kwa mazoea, akakumbuka, akakifunga. Paskalina, bibi ambaye siku zote Fortunata alimwona anasali kifupi mno, akamshika mkono na kumsalia.

"Bwana, huyu ni wako, na sauti ni yako. Ukiirudisha, asante. Usipoirudisha, tusaidie tuseme asante."

Maneno hayo yalimchoma. Hilo la kutorudi hakuwahi hata kulisogelea. Alitamani kumkatiza bibi wa watu, lakini angemkatiza kwa sauti ipi? Akabaki nalo, akaligeuzageuza, na kabla ya Salamu Maria ya mwisho akasema moyoni: haya, amua wewe. Ilimuuma kusema hivyo. Kisha mabega yakamshuka, kama ya mpagazi aliyetuliwa gunia, na usingizi wake ukarudi kabla ya sauti.

Sauti nayo ilirudi, ila nzito na yenye mikwaruzo. Akipokea simu aliitwa baba. Heriel, mwalimu wa kwaya, akamjaribisha nyimbo mbili tatu, akawa anaona haya kusema alichokisikia. Fortunata akamwondolea mzigo.

"Mwalimu, nipeleke besi tu."

Jumapili iliyofuata akasimama nyuma, kando ya Severine, ambaye alikuwa na adabu ya kutocheka. Wimbo ukaanza na sauti ya kwanza peke yake, na besi wakasubiri. Fortunata hakuwahi kujua kwamba besi husubiri. Mbele yake zikapanda sauti za wasichana aliowafundisha mwenyewe, sauti ya pili ikaingia chini yao taratibu, ya tatu ikafuata, na machozi yakamtoka. Miaka yote ile ameimba na kwaya hii, na hajawahi kuisikia. Alikuwa akijisikia yeye. Asante, alisema moyoni, na safari hii hakuongeza ombi.

Severine akamgusa kwa kiwiko. Zamu yao ilikuwa imefika.