Kalibu ya Erastus na Risasi Laini

Erastus Wafula alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa Ruiru, na iliyobaki aliwapelekea wa Thika. Aliwadharau wachomeleaji wa mageti kwa sababu walipima kwa macho. Aliwadharau vijana kwa sababu walipima kwa simu. Hata mchungaji wake hapo Mwihoko hakupona: eti anahubiri njia iliyonyooka akiwa nyuma ya mimbari iliyopinda. Mkewe, Wilkister, husema kwamba siku Erastus atakapofika mbinguni, ataanza kwa kukagua bawaba za lango.

Watu walimvumilia kwa kuwa kazi aliijua. Alitoka Webuye akiwa kijana, akaajiriwa katika karakana ya kiwanda kimoja cha Thika, akafundishwa mashine ya leth, ile ya kuzungusha chuma na kukichonga. Baadaye akafungua banda lake la mabati Mwihoko, na huko akawa mchongaji wa kalibu. Kalibu ni vipande viwili vya chuma vinavyokumbatiana na kuacha uwazi katikati. Unamimina madini yaliyoyeyuka, unangoja yapoe, unafungua, na kitu chako kinatoka kikiwa kamili. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna kalibu yake iliyowahi kurudishwa. Jambo hilo alilisema kanisani, akalisema kwa kinyozi, na siku moja akalisema msibani, mbele ya jeneza, akilalamikia vishikio vyake.

Ndipo akaja Njau wa Ngoingwa. Njau aliuza kahawa ya babake pamoja na ardhi yake, akajenga flati, akanunua kofia ya kuwindia, kisha bunduki ya kuwindia, katika nchi ambayo uwindaji ulipigwa marufuku kabla yeye hajazaliwa. Kwa hiyo Njau aliwinda bati. Kwenye klabu moja ya shabaha nje ya mji wa Ruiru, yenye vibali vyake vyote, yeye na wenzake walisimamisha kuku na kondoo waliokatwa kwa bati nene, wakawapiga risasi kila Jumamosi, na walipoanguka wakawasimamisha tena.

Erastus alipoelezwa alicheka mpaka akaegemea mashine. "Kondoo anakufa mara nne kabla ya chai," akasema, "na bado hakuna nyama!"

Lakini kazi ni kazi. Bunduki ya Njau ilikuwa ndogo, ya kukoki kwa mkono kila unapotaka kufyatua, na mtutu wake ulikuwa mwembamba. Klabu ilitaka kalibu ya kumiminia risasi zake za ledi, yale madini mazito ya kijivu yanayoyeyuka upesi. Kumimina kungefanywa na Ahmad, fundi wa silaha wa klabu, mwenye leseni. Erastus angechonga chuma tu. Mafundi wawili wangeleta kila mmoja umbo lake, risasi zijaribiwe, na atakayeshinda awe ndiye fundi wa klabu tangu siku hiyo.

Fundi wa pili alikuwa Mitchell. Erastus alimfundisha kazi mwanamke huyu kwa miaka minne, kisha Mitchell akaondoka na kufungua karakana yake karibu na Kiandutu, akiwa na mashine inayoongozwa na kompyuta. "Yule hashiki chuma, anabonyeza vidude," Erastus aliwaambia watu. "Fundi ni wa kushika, si wa kubonyeza." Kushindwa na mtu mwingine angestahimili. Kushindwa na Mitchell, baada ya maneno yote hayo, afadhali angefunga banda arudi Webuye kulima miwa.

Njau alifika bandani na picha kwenye simu. "Mzee, mimi nataka design kama hii. Ona vile imechongoka. Iko smart sana, ni kama roketi."

"Hiyo ni ya shaba, na inaenda mbio," Erastus akamjibu. "Yako ni ya ledi, ni laini. Ukiipatia ncha ya sindano, ule mwili wa kushika mtutu unabaki mfupi, na itatoka ikiyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Yako inataka pua butu na mwili mrefu."

"Lakini hiyo si itakaa vibaya?"

"Kwani wewe unataka kumpiga huyo kondoo ama kumtongoza?"

Hapo Erastus alisema kweli, na angeishia hapo angekuwa salama. Jioni hiyo Ahmad akawatumia mafundi wote wawili ujumbe. Ahmad alilelewa na nyanya yake huko Majengo, na Kiswahili chake hakikuwa hiki chetu cha kuokoteza. Aliandika: "Kabla hamjachonga, piteni klabuni na risasi laini tuupimie mtutu."

Erastus alisoma mara mbili, kisha akamsomea Wilkister kwa sauti. Risasi laini! Maisha yake yote risasi ilikuwa kile kitu kinachotoka kwenye bunduki. Madini yenyewe, kwake na kwa kila fundi aliyemjua, yaliitwa ledi.

"Si umuulize anamaanisha nini?" akasema Wilkister.

"Nimuulize nini? Ananituma nitengeneze risasi, halafu anataka kwanza nimpelekee risasi. Yaani nilete yai ndio nionyeshwe kuku wa kulitaga! Hawa watu wa klabu wana wazimu."

Hakujibu ule ujumbe. Alichukua kipimo kilichogongwa kwenye mtutu, ambacho Njau alikuwa amempigia picha, akachonga kalibu yake kwa kipimo hicho bila kukosea hata unywele. Ilikuwa kazi safi, ukiitazama ilikurudishia uso wako.

Jumamosi asubuhi wakakutana klabuni. Ahmad alikuwa amemimina risasi kutoka kwa kalibu zote mbili na kuzipakia. Zote zilikuwa na pua butu, ila za Mitchell zilikuwa nene kidogo. "Zimenenepa kama zimetoka arusini," Erastus akasema, makusudi asikike. Mitchell alimwamkia kwa heshima.

Njau akalala chini, akapiga tano za Mitchell kwenye karatasi, kisha tano za Erastus. Halafu wakaenda wote watatu kutazama. Za Mitchell zilikuwa zimekusanyika pahali pamoja, lakini kushoto kabisa, maana Njau alikuwa na tabia ya kufumba jicho lisilofaa. Za Erastus zilitawanyika karatasi nzima, na moja iliangukia katikati ya duara jeusi.

"Haiya! Katikati kabisa!" Njau akampiga Erastus mgongoni. "Mzee, umeshinda! Nilijua tu!"

Erastus akasogeza uso karibu na karatasi. Matatu kati ya matundu yake matano hayakuwa duara. Yalikuwa marefu, kama tundu la kufuli. Risasi zake zilikuwa zimeingia kwa ubavu. Alimtazama Mitchell, na Mitchell alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa ameona, na alikuwa ameamua kunyamaza.

Njau bado alikuwa anamtikisa mkono. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Erastus akatafuta haraka mtu wa kudharau, na hata Njau hakutosha.

"Wewe ulipima mtutu?" akamuuliza Mitchell kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mzee. Si Ahmad alisema tulete risasi laini?"

"Risasi laini ndiyo nini?"

"Ni ledi. Ledi tupu, haijachanganywa na kitu. Unaisukuma ndani ya mtutu, inatoka na alama, unapima hiyo. Huu mtutu umepanuka, umeshinda namba iliyoandikwa, kwa hiyo risasi ya namba hiyo inalegea ndani. Hata mimi sikujua hilo neno. Nilimpigia tu nikamuuliza."

Haya ilimpanda Erastus mpaka masikioni, haya ya kweli, ambayo hakuikumbuka tangu utotoni. Akaing'oa karatasi ubaoni na kumpa Njau.

"Hii kazi ni mbovu," akasema.

"Ya huyu msichana?"

"Yangu. Na usimwite msichana, huyo ni fundi."

Njau akaigeuza karatasi huku na huku, asione kitu. "Sasa mimi mmenichanganya. Nani ndiye ameshinda?"

"Aliyeuliza," akasema Erastus. Kisha akamgeukia Ahmad, aliyekuwa anakuja na zile kalibu mbili mkononi. "Chukua ya Mitchell. Yangu nirudishie."

Ahmad akairudisha.