Jiko Limejibu

Kabla baba mkwe wangu hajaja kukaa kwetu, mimi ndiye niliyekuwa fundi wa burudani nyumbani. Nasema hivyo bila haya. Jumapili tukishatoka kanisani na kula, meza inasukumwa ukutani, mkeka unatandikwa, na mimi nachanga karata. Mume wangu ana tabia ya kuficha turufu chini ya goti, na binti zetu wawili, mkubwa wa miaka kumi na mdogo wa sita, walikuwa wanampekua kama polisi. Tukichoka na karata tunahamia drafti ya vizibo vya soda, au nakaanga bisi huku kila mtu anaigiza jirani mmoja na wengine wanakisia ni nani. Mvua za Mbeya hazina adabu, zikianza zimeanza, na umeme hukatika nazo. Televisheni ikizima, hakuna aliyelia nyumbani kwangu.

Januari ile mzee akateleza kwenye migomba yake huko Rungwe, akavunjika nyonga. Alipasuliwa hapa mjini, daktari akasema asikae mbali na hospitali kwa miezi kadhaa. Mume wangu ndiye mtoto pekee anayeishi mjini. Basi akaletwa kwetu. Chumba cha watoto ni kidogo, mtu wa magongo hawezi hata kugeuka, kwa hiyo kitanda chake kikawekwa sebuleni.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanza, na lazima nieleze kwa wasiojua. Mume wangu ni Mnyakyusa. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa Mlandege, Iringa mjini. Kwetu baba mkwe unampigia goti, unamsalimia, unamwandalia chai, maisha yanaendelea. Kwao, kwa wale wanaoshika mila, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Wenyewe wanaita ukutila, yaani kuogopa, na maana yake ni heshima. Vijana wengi wameshaachana nayo, wengine wanakula meza moja na wakwe zao na kutaniana. Mzee wangu si wa hao. Nilipoolewa niliambiwa, nikakubali, na kwa miaka kumi na mmoja haikunigharimu kitu, kwa sababu yeye alikuwa Rungwe na mimi Mbeya. Tulikutana misibani, yeye upande wa wanaume, mimi kwenye masufuria.

Sasa niambie, nyumba ya vyumba viwili na sebule, mtafanyaje?

Tulifanya hivi. Kati ya jiko na sebule tulitundika pazia zito. Mimi nilibaki upande wa jiko. Nikitaka kwenda chumbani, ambako njia ni hiyo hiyo ya sebuleni, nakohoa, mzee anajifunika blanketi mpaka kichwani, napita. Yeye akitaka kwenda msalani, ambako njia ni jikoni kutokea uani, anakohoa, mimi natoka nje nasimama chini ya ukingo wa bati na mvua yake mpaka apite na magongo yake. Akirudi, vile vile. Chakula wanapeleka watoto. Akipokea sahani husema kwa sauti, "Ndaga," ambayo kwao ni asante, lakini hamwambii mtu. Anaiambia sahani.

Mwanamume akioa, watu husema amepata jiko. Niliposikia hivyo siku ya harusi yangu nilicheka. Mwaka huo sikucheka. Nilipika, niliosha, nilifuma vitambaa vya makochi ambayo sikuweza tena kuyakalia, na Jumapili mchana nilikaa kwenye kigoda kando ya mkaa nikisikia karata zangu zinachangwa na mtu mwingine. Mume wangu hajui kuchanga. Zilikuwa zinamwagika kila mara, watoto wanacheka, na mimi najikuta nimenyoosha mikono kuelekea pazia kama mwehu.

Nilimwambia mume wangu usoni, "Mmenifungia."

"Nani amekufungia, mama? Mlango si huo hapo, wazi?"

"Unaelekea uani."

"Ni mila tu. Vumilia, mzee akipona atarudi kwake."

"Mila ya nani? Ya kwetu haikuniagiza nikae na masizi."

Alikuwa na jibu, lakini mzee alikohoa, na mimi nikatoka kwenda kunyeshewa.

Mzee hakupenda karata. Alisema zinawafundisha watoto wizi, na kwa kumwangalia mwanawe nadhani alikuwa na hoja. Yeye alileta vitendawili. Kila mtu aliyesoma shule ya msingi nchi hii anajua mchezo wenyewe. Mtegaji anasema, "Kitendawili!" Wengine wanaitikia, "Tega!" Wakishindwa kujibu, anadai mji, nao wanamtajia mji wowote, anasema amekwenda huko, amekula hiki na kile, amerudi, kisha anatoa jibu. Ila wengi hutega vile vile vya kitabuni. Mzee alitunga vyake. Siku ya kwanza walishindwa vitano mfululizo, na kila alipopewa mji alisafiri kwa raha zake: alikwenda Tukuyu akala ndizi za nyama, alikwenda Kyela akapewa wali, alikwenda Dodoma akalalamika jua. Kwa mtu asiyeweza kufika getini, alisafiri sana.

Nilikuwa nasikiliza. Sikutaka, lakini pazia si ukuta.

Jumapili moja mvua ilikuwa inapiga bati hivi kwamba ilibidi wapaze sauti. Mzee akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Analalamika mchana kutwa. Akinyamaza, kimbieni."

"Mtoto mchanga!" alisema mdogo.

"Hapana."

"Jenereta la jirani!" alisema mkubwa.

"Hapana."

"Mama yenu!" alisema mume wangu, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Damu ilinipanda. Mbele yangu sufuria la maharage lilikuwa linatokota tangu asubuhi, blu blu blu, na wakati ule ule maji yakaisha, likanyamaza. Nikaruka kuliepua na mdomo ukanitoka kwa nguvu zote:

"Maharage!"

Kicheko kilikatika hapo hapo. Nilisimama na sufuria mkononi. Nilikuwa nimemjibu baba mkwe wangu. Si kwa kupitia mtoto, si kwa bahati mbaya ya kukutana njiani. Nilikuwa nimempigia kelele. Mume wangu aliita jina la Mungu polepole.

Kisha mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo, "Jiko limejibu. Na limepata."

Tangu siku hiyo nikawa mchezaji. Mzee alikuwa ametafuta njia na ameipata: hakusema nami, alisema na jiko. "Liulizeni jiko." "Jiko linasemaje?" Nami nikijibu nilielekeza uso kwenye sufuria, ili ionekane nasema na sufuria. Majirani wangesikia wangedhani tumerukwa na akili sote. Watoto walifurahi kupita kiasi, na mimi, nakiri, nilifurahi pia. Mzee alikuwa mjanja na mcheshi, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa miaka yote kumi na mmoja. Lakini mchezo ukiisha walikaa makochini na mimi nilibaki na masufuria. Nilikuwa kama mfungwa aliyepewa redio.

Kilichonivunja ni mchezo wa kuigiza. Shule zilipofungwa, binti zangu walitunga wenyewe, wakafanya mazoezi wiki nzima, wakachukua khanga zangu kuwa mavazi. Mkubwa alikuwa daktari, mdogo alikuwa nyonga. Ndiyo, nyonga. Siku ya onyesho nilisikia kila kitu: nyayo, makofi, mzee akicheka mpaka akakohoa, mimi nikatoka nje kwa mazoea, kumbe hakikuwa kikohozi cha kuomba njia. Nilikaa uani dakika kumi. Niliporudi, mkubwa alikuja mbio na simu ya baba yake. "Mama, usilie, Baba amekurekodia." Nilikaa kwenye kigoda changu nikatazama onyesho la watoto wangu kwenye kioo cha simu kilichopasuka, onyesho lililofanyika hatua tatu kutoka nilipokaa. Mdogo aliegemea bega langu akisubiri nicheke. Nilicheka.

Kufikia usiku ule daktari wa hospitali alikuwa ameshasema mzee akae miezi mitatu mingine. Nilimpigia mama yangu Iringa. "Kamwene, mwanangu," alinisalimia kwa Kihehe. "Njoo upumzike." Nikamwambia mume wangu nitakwenda Jumamosi na mtoto mdogo. Hakuuliza nitarudi lini. Nami sikumwambia, kwa sababu sikujua kama nitarudi. Huo ndio ukweli wenyewe, na nilishakata tiketi ya basi la asubuhi.

Ijumaa mchana mkoba ulikuwa tayari umefungwa, umekaa jikoni karibu na ndoo ya maji. Mkubwa alikuwa hasemi nami. Mvua ilikuwa inanyesha kwa uvivu. Nilikuwa nasonga ugali pale mzee alipoita, bila mtu kumwomba:

"Kitendawili!"

"Tega," waliitikia, bila nguvu.

"Mlango hauna kufuli. Lakini hatoki mpaka akohoe."

"Mgonjwa wa kifua," alisema mdogo.

"Hapana."

"Mlinzi wa benki?" alisema mume wangu, na hakuna aliyecheka.

"Hapana. Jiko linasemaje?"

Niliona ananidhihaki. Kwa siku zote zile nilizokohoa kwa adabu nyumbani kwangu mwenyewe, sasa ameifanya aibu yangu kuwa burudani ya watoto. Nikaacha mwiko ndani ya ugali.

"Ni mimi!" nilisema.

"Hapana," alisema mzee. "Leo jiko limekosa. Nipe mji."

Mume wangu akasema haraka, "Chukua Tukuyu, Baba."

"Sijakuuliza wewe. Jiko linipe mji."

Kila mtu pale alijua nina mji gani mdomoni. Nikautoa. "Iringa."

"Vizuri," alisema. Nilisikia kitanda kikilia, anajiweka sawa. "Nimekwenda Iringa. Nimepita Ipogolo, nimepanda mlima, nimeulizia Mlandege. Nimebisha hodi kwa mama mmoja. Kanipa kiti, kanipa chai. Kaniuliza, mwanangu hajambo? Nikamwambia, mama, sijui. Nakaa nyumba moja naye, ananipikia, ananifulia mashuka, lakini kama hajambo, sijui. Akaniuliza, na wewe, baba? Nikamwambia, mimi nalala sebuleni kwa watu. Nikibanwa nakohoa, nangoja, kwa sababu mwenye nyumba lazima atoke anyeshewe ndipo nipite. Siku nyingine sinywi maji, ili nisimtoe nje." Kitanda kikalia tena. "Nimerudi. Jibu ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Ugali ulianza kushika chini na sikuugusa.

Kwa miezi ile yote sikuwahi kumfikiria. Namaanisha kumfikiria kama mtu. Kwangu alikuwa kikohozi. Nilizihesabu mvua zangu, zake sikuzihesabu. Nilikumbuka siku alizokohoa nikageuza kwanza chapati, nikafunika kwanza sufuria, nikatafuta kwanza ndala. Nilikumbuka pia siku nilizopita sebuleni polepole, makusudi, nikikunja nguo ya huyu na kupanga viatu vya yule, kwa sababu ilikuwa sebule yangu na nilitaka aisikie hivyo. Na yeye chini ya blanketi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Kwa hiyo nani amepata?" aliuliza mdogo. "Mama au Babu?"

Nilisogea mpaka kwenye pazia. Sikulifungua. Nilisema, na safari hii sikuliangalia sufuria:

"Baba, ukirudi tena kwa yule mama, mwambie mwanawe hajambo kidogo tu. Lakini yupo."

Kisha akasema, "Ndaga, mkamwana," na sauti yake haikuwa ya kutangaza kitu.

Jumamosi basi liliondoka bila mimi. Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Pazia lilibaki pale pale, mvua iliendelea hadi Mei, na kuna Jumapili nyingi bado nilikaa kwenye kile kigoda na hasira zangu. Ila asubuhi ile nilichukua mkoba kuurudisha chumbani, nikakohoa, nikasikia blanketi linavutwa, nikaingia sebuleni. Alikuwa amejifunika gubigubi, vidole vya miguu tu vinaonekana, na kitambaa kizito cha sufu kilikuwa kinapanda na kushuka usawa wa mdomo wake. Nilivuka ile sebule karibu kwa kukimbia, mkoba unanigonga magotini, ili apate kupumua.